Usafi wa Lugha na Haki ya Msemaji: Kisa cha Hela Havula

Munidasa Cumaratunga, aliyeasisi Hela Havula huko Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwaka 1941, alitaka Kisinhala kitakaswe kwa kuondolewa maneno ya Kisanskriti. Kisanskriti chenyewe alikibobea, na hapo ndipo swali la kimaadili linapozuka: mtaalamu hupoteza nini kwa kulitupa neno analoweza kulirejea apendapo? Nguzo yake mojawapo ilikuwa Sidat Sangarava, sarufi ya karne ya 13 aliyoifafanua kwa kina. Lakini sarufi hiyo ilikusudiwa washairi, waliojifunga kwa hiari katika herufi chache za Kielu. Waandishi wa nathari hawakuukataa mchanganyiko. Kanuni ya ushairi, tena nzuri, ikatakwa iwe sheria ya kila kinywa. Aliyelirithi neno la mkopo kwa mamaye ataambiwaje kuwa si lake?