Ukurdi Hauna Dini Moja

Wakurdi wengi ni Waislamu wa Sunni wanaofuata madhehebu ya Shafii, kama ilivyo kwa Waislamu wengi wa mwambao wetu. Lakini anayeufanya Usunni kuwa kipimo cha Ukurdi anawatupa nje Waalevi wa Dersim, Wayarsan wa upande wa Kermanshah, Wayazidi wanaohiji Lalish kwenye kaburi la Sheikh Adi, na Wafaili ambao ni Washia. Hao Wafaili, serikali ya Saddam Hussein iliwavua uraia mwaka 1980 na kuwafukuzia Iran. Waliadhibiwa kwa Ushia na kwa Ukurdi vilevile. Itakuwa dhuluma ya pili kuwaambia leo kwamba si Wakurdi kamili.

Wapo wasemao kuwa taifa lisilo na dola linahitaji imani moja ya kuliunganisha. Historia inakataa. Sheikh Said alipoongoza uasi nchini Uturuki mwaka 1925 kwa wito wa dini na wa taifa, baadhi ya makabila ya Wakurdi Waalevi yalipigana dhidi yake, kwa kuhofia utawala wa masheikh wa Kisunni.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa Wayazidi wenyewe. Wengi wao huzungumza Kikurmanji, ila wapo wanaokataa kuitwa Wakurdi. Mimi naona wana haki. Agosti 2014 wapiganaji wa Kikurdi wa Peshmerga waliondoka Sinjar, eneo la Wayazidi nchini Iraki, na Dola ya Kiislamu ikaua maelfu na kuwafanya wanawake watumwa. Lugha pekee haimpi mtu idhini ya kumdai nduguye ambaye hakumlinda.