"Shida" Haimo

Kijiwe chetu hapa Baleni kina sheria moja kuhusu Mbaraka Mwinshehe: "Shida" haimo. Ukitaka kushiriki katika kutoa alama, wimbo huo unauacha nyumbani, maana unajulikana na kila mtu na hauhitaji wakili. Tunazungumzia zile zilizobaki kivulini, za Morogoro Jazz na za Super Volcano, bendi aliyoiunda mwaka 1973. Mmoja anacheza wimbo kwenye spika ndogo, wengine wanasikiliza, kisha kila mtu anataja alama yake, moja hadi kumi. Hapo kelele zinaanza.

Hakosi mtu wa kuleta suluhu kwa kusema kila mtu na ladha yake. Ni maneno ya kiungwana, lakini siyaamini. Wewe ukipenda muhogo wa nazi na mimi nikapenda samaki wa kukaanga, hatugombani; kila mmoja anavuta sahani yake. Kwenye wimbo tunagombana, tena kwa sababu. Sikia besi inavyoingia. Sikia gitaa la solo linavyomsubiri mwimbaji amalize ndipo limjibu. Anayesema hivyo haelezi tumbo lake linapenda nini. Anaonyesha kitu kilichomo ndani ya wimbo, ambacho mwenzake anaweza kukisikia au kikampita.

Mwaka 1757 mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliandika juu ya jambo hili akaazima kisa kutoka kwenye Don Quixote. Ndugu wawili waliitwa kuonja mvinyo wa pipa. Wa kwanza akasema ni mzuri, ila una ladha kidogo ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri, ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka wote wawili. Pipa lilipomwagwa, chini yake ukakutwa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya ngozi. Hume alitaka kuonyesha kwamba kuna ndimi zinazojua kuonja. Mimi nimebaki na jambo jingine: waliokinzana walikuwa sahihi wote wawili, na hakuna aliyeonja ufunguo mzima.

Lakini mvinyo ule angalau uliwafikia. Nyimbo nyingi hazikupata bahati hiyo. Katika miaka ya 1960 na 1970 bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, na kanda zikabaki hukohuko zikisubiri kurushwa hewani. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka sahani ya kuuzwa dukani ilitazama Nairobi. Sahani ndogo ya mizunguko 45 nayo ilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na mara nyingi magitaa yaliachiwa uwanja upande wa pili. Mbaraka alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, tarehe 12 Januari 1979, akiwa na miaka 34, kazi zake zilitolewa upya Kenya katika mfululizo ulioitwa Ukumbusho. Mtu fulani alichagua tukumbuke nini. Kwa hiyo tunaposema wimbo huu ni mkubwa na ule ni mdogo, sehemu ya tunachokipima ni safari: upi ulipata sahani na upi ulibaki kwenye kanda.

Je, basi wimbo uliosahaulika una haki ya kuongezewa alama? Hapana. Kusahaulika si sifa. Zipo nyimbo zilizosahaulika kwa sababu hazikuwa na cha kukumbukwa. Haki yake ni moja tu, ile ya mshitakiwa yeyote: asikilizwe mpaka mwisho kabla ya hukumu.

Na kusikiliza huko kuna gharama. Usiku mmoja ulichezwa "Dr. Kleruu" wa Morogoro Jazz. Dk. Wilbert Kleruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa, mtu mkali katika kusimamia vijiji vya ujamaa. Tarehe 25 Desemba 1971 alipigwa risasi na mkulima wa Isimani, Said Mwamwindi, ambaye baadaye alinyongwa. Kijana mmoja wa chuo alitoa tatu. Alisema wimbo wa kumlilia mkuu wa mkoa ni wimbo wa serikali. Nani alimwimbia mkulima? Mzee mmoja akatoa nane. "Mwanangu," akamwambia, "mtu akilia, kwanza sikia kilio. Siasa utaikuta palepale kesho." Kijana akajibu, kwa adabu, kwamba hata kilio kina anayekichagulia maiti. Hapakuwa na kicheko tena.

Mmoja alionja ngozi, mwingine chuma. Tatu ya kijana ilipima wimbo ulisimama upande gani duniani; nane ya mzee ilipima sauti inafanya nini kifuani mwa msikilizaji. Mimi nilitoa sita na bado naitetea. Mtu aliyeuawa anastahili kuliliwa, hata kama kazi yake ilimuumiza mwingine. Lakini uzuri wa gitaa haulipi deni la aliyeachwa bila kuimbwa. Sita yangu si wastani wa tatu na nane. Ni njia yangu ya kukataa kuitupa mojawapo.

Ipo hatari nyingine, ya kupenda uadimu wenyewe. Yupo mwenzetu mwenye fleshi iliyo na wimbo ambao hakuna mwingine anao hapa kijijini, na hampi mtu. Anasema ukijulikana utaharibika. Anatukumbusha kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali ni ya kweli, ila inamhusu mgema aliye hai. Kanda iliyorekodiwa miaka hamsini iliyopita haiwezi kutiwa maji na sifa zetu. Kipimo changu kwa mpenzi wa wimbo adimu ni hiki: kesho ukichezwa kwenye kila daladala, utafurahi au utanuna? Atakayenuna alikuwa akijipenda yeye.

Wimbo hauumii ukisahaulika. Tunaodaiwa nao ni watu: mpiga besi, mpiga tumba, mpuliza saksafoni, ambao majina yao hata sisi tunaojidai mashabiki hatuyataji. Siku hizi idadi ya watazamaji inatutolea alama kabla hatujasikiliza, na wasanii wa rika letu nao wana nyimbo zilizozama hivyohivyo.

Kwa hiyo, mtu akikwambia wimbo fulani ni tatu, usimwambie kila mtu na ladha yake. Muulize kama aligeuza sahani.