Mlinzi Akilegea Miguu

Mbwa wengi wa Gongo la Mboto wana kazi. Usiku wanalinda mabanda ya kuku na nyumba ambazo uzio wake haujakamilika. Malipo yao ni ukoko wa ugali na mabaki ya dagaa. Mmoja wao akigongwa na bodaboda Barabara ya Nyerere, miguu ya nyuma ikalegea, mtaa huuliza: wa nini tena huyu? Swali hilo linaniuma, maana anayeuliza mara nyingi ndiye aliyelala fofofo miaka yote kwa sababu ya mbwa huyohuyo.

Mzee mmoja mlinzi, jirani yetu, hakuliuliza. Bwana mifugo alipompima mbwa wake aliyelegea miguu na kumwelekeza la kufanya, mzee alichukua kanga kuukuu, akaipitisha chini ya tumbo karibu na nyonga, akashika ncha zote juu ya mgongo. Wanatembea hivyo taratibu kwenye mchanga, maana sakafu ya saruji huteleza. Kanga inabeba uzito, miguu inagusa ardhi na kujifunza upya hatua. Kisha anamlaza ubavu, anakunja na kukunjua goti, kifundo, nyonga, akiacha mara tu mbwa anapogeuza kichwa kwa maumivu. Misuli isiyotumika husinyaa ndani ya wiki chache, na asiyegeuzwa huota vidonda.

Mzee ni Mwislamu. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Naye huosha. Dini hiyohiyo inamsimulia mtu aliyeshuka kisimani kumchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Sioni mgongano hapo, naona kazi mbili za mtu mmoja.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na ni vizuri ipo. Lakini subira ya kila asubuhi hailetwi na sheria.

Si kila mbwa atasimama. Uti wa mgongo ukikatika, kanga haiungi, na wapo ambao huruma iliyobaki ni sindano ya bwana mifugo. Ninachokataa ni kuamua hivyo siku ileile ya ajali, kabla hajafinywa kidole cha mguu na kutazamwa usoni. Kuvuta mguu peke yake hakutoshi. Akigeuka au akilia, bado anahisi, na anayehisi anastahili kujaribiwa.