Kuomba Amri ya Kutolewa Nchini Itazamwe Tena

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Wako watu wadhanio kwamba mtu akishaandikiwa amri ya kutolewa nchini, jambo limekwisha, na kwamba kuomba litazamwe tena ni ukaidi mbele ya wenye mamlaka. Na wako wengine wadhanio kuwa ni kujidhalilisha. Dhana zote mbili ni kosa. Kuomba hukumu itazamwe tena ni haki ya aliyehukumiwa, na kumsikiliza ni wajibu wa aliyehukumu, na kusema kweli ni wajibu wa jirani aliye baina yao.

Jambo hili ladhihirika sana katika mji wa Tabora. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe. Kutoka huko ikaenda Ujiji, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ikaingia Manyema. Kwa njia hiyo walipita Waarabu wa Omani, Waswahili wa Mrima, wapagazi wa Kinyamwezi, na Wamanyema, wengine kwa biashara na wengine wakivutwa kwa minyororo. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, zama za misafara ya miguu zilikwisha, lakini watu walibaki: wakaoa, wakazaa, wakazika, wakajenga misikiti. Mjukuu wa Mmanyema aliyeletwa kwa kamba akiambiwa, "Rudi kwenu," arudi wapi? Babu yake hakuulizwa alipoletwa. Je, na mjukuu naye asiulizwe atolewapo?

Sheria yenyewe haikusema hivyo. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa humo naye akiwa chini ya himaya ya Waingereza alihesabiwa kuwa raia, iwapo mmoja wa wazazi wake naye amezaliwa humo. Basi jina la kabila silo lililoulizwa, wala rangi, wala namna ya kutamka maneno. Kilichoulizwa ni mahali pa kuzaliwa mtu na wazazi wake. Lakini wazee wengi wa zama zile hawakuandikwa popote. Daftari lao ni vifua vya majirani na makaburi ya jamaa zao.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wameweka msingi kwamba yakini haiondoki kwa shaka. Mtu aliyejulikana miaka mingi kuwa ni mwenyeji, huyo ni mwenyeji mpaka ipatikane hoja ya kuliondoa hilo. Na mwenye kudai kinyume chake, juu yake ndiyo bayana. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomtuma Sayyidna Ali kuwa kadhi Yemen, alimfundisha asikate hukumu kwa neno la mmoja hatta asikie na la wa pili. Na katika kisa cha Nabii Daud katika Sura ya Sad, baadhi ya wafasiri wamesema kwamba alilojutia ni kutoa hukumu kabla ya kumsikia mshitakiwa. Ikiwa Nabii alirejea kwa Mola wake kwa jambo hilo, ni nani katika watawala aonaye haya kurejea?

Mfano wa karibu ulitokea katika mpaka wa Sirari. Mtu mmoja aliyekuwa na hati ya kuzaliwa na pasipoti ya Tanzania alinyang'anywa pasipoti alipokwenda kutimiza taratibu za ndoa yake. Mwaka 2014 akatolewa kwenda Kenya. Kenya nayo ikamkataa, akaishi baina ya mipaka miwili, hana nchi mbele wala nyuma. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilihukumu mwaka 2018 kwamba amedhulumiwa: serikali ndiyo iliyopaswa kuthibitisha kuwa si raia, naye hakupewa nafasi ya kusikilizwa. Ikaamuru pia sheria irekebishwe ili mwenye kugombaniwa uraia wake apate mlango wa mahakama.

Huenda mtu akasema: Nchi ina mipaka yake, na mtawala ana haki ya kujua ni nani aliyemo. Hayo ni kweli, wala hayapingwi. Lakini kutazama tena hakubomoi mpaka. Huko Ulyankulu, katika mkoa wa Tabora, wamekaa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Serikali ilipowakubalia uraia wao na wenzao wa Katumba na Mishamo, watu zaidi ya 160,000, kwanza iliwataka wayahame makazi yao na kutawanyika mikoani. Baadaye ikalitazama tena shauri hilo, na mwaka 2014 wakapewa hati zao na kuachwa wakae walipo. Heshima ya serikali haikupungua kwa hayo.

Limebaki la jirani. Akiitwa kutoa ushahidi akanyamaza kwa khofu, ameficha ushahidi, na Qur'ani imeukataza moyo wa namna hiyo. Akimchongea mwenzake kwa sababu ya shamba au deni, dhambi yake ni kubwa zaidi. Na akiapa kwamba fulani amezaliwa Tabora, naye ajua kwamba sivyo, huyo hakumsaidia ndugu; amemwingiza katika uwongo, na kesho mkweli naye hatasadikiwa. Asiyezaliwa humo, na aombewe muhula na huruma kwa khabari yake ya kweli: miaka aliyokaa, watoto aliowazaa, wema alioutenda.

Basi waraka wa kuomba na uandikwe kwa adabu na kwa ukweli, pamoja na majina ya mashahidi walio tayari kusimama. Na mwenye kalamu ya kutoa amri akumbuke kwamba yeye naye atasimamishwa siku ambayo hukumu yake haitazamwi tena.

Wallahu a'lam.