Tuanze na Joto Linalopotea

Mjadala wa upishi nchini Kenya huishia kwenye bei. Serikali ilipotoza gesi ya kupikia VAT ya asilimia 16 mwaka 2021, wananchi walilalamika. Mwaka uliofuata ikaishusha hadi asilimia 8, na Julai 2023 ikaiondoa kabisa. Hatua hiyo ilifaa. Hata hivyo, sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya familia hupika hasa kwa kuni, na zinazotegemea gesi hazifiki robo. Kwa mkulima wa chai wa Kericho au Bomet, basi, swali la kwanza si anunue nishati gani, bali ni kiasi gani cha joto alichonacho tayari kinachopotea kabla ya kukifikia chakula. Anayebadilisha nishati bila kuziba upotevu huo amehamisha gharama tu.

Viwanda vya chai vimelitambua hili zamani. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa jani bichi ni maji, na chai ikitoka kwenye kikaushio unyevu uliobaki ni kama asilimia 3 hivi. Ndiyo maana zaidi ya kilo nne za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Maji hayo hufukuzwa kwa joto la boila, nazo boila nyingi hulishwa magogo ya mikaratusi. Kwa kuwa gharama ya kuni hukatwa kwenye mapato ya mkulima, meneja makini hutaka kujua kila mita ya ujazo ya kuni imekausha kilo ngapi za chai. Gogo lililokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kwa hiyo hupasuliwa, likapangwa bandani, likapigwa upepo kwa miezi kadhaa. Jikoni mambo ni kinyume. Mafiga matatu hufikisha chunguni asilimia 10 hadi 15 hivi ya joto la kuni, na mara nyingi kuni zenyewe ni mbichi: moshi umejaa nyumba, na nchani mwa gogo povu linatokota. Mkulima ambaye kiwanda chake hupima kuni, kwake anachoma bila hesabu.

Nyanda za juu zina tatizo lao jingine. Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi, si 100 kama Mombasa. Githeri, basi, hukaa motoni muda mrefu zaidi, na kuchochea moto hakusaidii. Maji yamefika kikomo chake, kuni za ziada zinazalisha mvuke tu. Hapo ndipo sufuria ya presha inapolipa kuliko pwani, maana hupandisha joto kupita nyuzi 110. Asiye nayo aloweke maharagwe usiku kucha, afunike sufuria, na yakishatokota vizuri apunguze moto. Mwenye stima naye ana hesabu yake: lita moja ya maji kwenye birika la umeme hula kama sehemu moja ya kumi ya yuniti, hivyo anayejaza birika kwa ajili ya vikombe viwili analipia maji yatakayopoa.

Wapo watakaosema kuni ni za bure, zinatoka shambani. Zingekuwa za bure, kiwanda kisingezinunua. Kila gogo linaloungua ovyo ni gogo ambalo lingeuzwa, na mkaratusi uliolitoa umekalia ardhi ambayo ingelisha ng'ombe, tena kuna saa za mama aliyelibeba. Wengine watasema moto hupasha nyumba joto, na usiku wa Kericho una baridi kali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini joto hilo linakuja na moshi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Jiko la udongo lenye bomba la moshi huacha joto ndani na kutoa moshi nje.

Hoja nzito zaidi ni ya fedha: sufuria ya presha au jiko bora hugharimu pesa za mkupuo, ilhali kuni hutafutwa kidogo kidogo. Kweli, na bonasi ambayo kiwanda cha chai humlipa mkulima si ya kutegemewa kila mwaka. Ila kukausha kuni, kuzipasua, kufunika sufuria na kuloweka maharagwe hakuhitaji hata senti. Tuanze na hayo wiki hii, tukingoja bonasi. Ikija, kabla ya kununua televisheni kubwa zaidi, tununue kwanza sufuria ya presha.