Je, Kima Anaweza Kuiba?

Wizi si kuchukua tu. Upepo ukianua nguo zako kambani na kuzitupa uani kwa jirani, hakuna anayeuita mwizi. Ili pawe na wizi, sharti mchukuaji ajue kwamba kitu kina mwenyewe, kisha akichukue hivyo hivyo. Umiliki basi haumo ndani ya nazi wala ndani ya muhogo; ni makubaliano baina ya watu. Je, asiyewahi kuitwa kikaoni anafungwa na makubaliano hayo?

Mshitakiwa wetu yuko katika msitu wa Jozani, Unguja. Ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizotimka kichwani; asili yake ni Unguja tu, dunia nzima. Wakulima wanaopakana na msitu humlaumu kwa kula mazao, na kweli hula. Hata makaa huyafuata kwenye matanuri, akapanda juu ya mti na kipande chake, akakitafuna taratibu kama mzee mwenye tambuu. Ana sababu. Majani ya mwembe na mkungu anayoyapenda yana protini nyingi, lakini pia yana kemikali zinazosumbua tumbo, na makaa huzinyonya. Mchoma mkaa anaona hasara. Kima anaona dawa.

Mkulima atajibu kwamba falsafa haijazi pakacha. Shimo kachimba yeye, mnazi kapanda yeye, miaka kangoja yeye. Jasho lake ndiyo hati yake. Hoja hiyo ni nzito, na mwanafalsafa John Locke wa Uingereza aliijengea nadharia ya umiliki katika karne ya 17. Lakini jasho humfunga jirani anayejua thamani ya jasho. Kwa kima, mnazi ni mti kama miti mingine.

Tena ushahidi wenyewe una walakini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliangalia minazi ya wakulima hao. Kima hula vidaka, na vidaka vingi hupukutika vyenyewe hata visipoguswa na mtu. Ikaonekana kwamba pale vilipoliwa zaidi, nazi zilizovunwa hazikupungua, bali ziliongezeka. Huenda mnazi uliopunguziwa mzigo uliweza kukuza vizuri zilizobaki. Anayeitwa mwizi labda alikuwa kibarua asiyelipwa.

Kumwita mnyama mwizi kunatuponza mara mbili: kunambebesha dhamira asiyokuwa nayo, na kunatuondolea sisi kazi ya kuchunguza. Mkulima ana haki kamili ya kulinda shamba lake, kumfukuza kima, na kudai fungu la fedha zinazoletwa na watalii wanaokuja kumpiga picha. Haki ya kulinda haihitaji mkosaji. Basi siku ukimwona juu ya mnazi wako, mfukuze ukitaka. Ila kabla ya kupiga yowe la mwizi, hesabu kwanza nazi zako.