Nani Alitenda Dhambi?



Vijana wenzangu, hapa Tabora, karne ya 19, ilipumzika misafara ya kati ya Ujiji na Bagamoyo. Ilipita na pembe za ndovu, ikapita na watumwa pia.

Sasa tujiulize: katika biashara ile ya watu, nani alitenda dhambi? Aliyeteka kijiji atasema alitumwa. Mfanyabiashara atasema ana deni la mtaji Zanzibar, lazima alipe. Mtawala wa njiani atasema yeye alipokea hongo tu, yaani ushuru wa kupita kwake. Aliyeuza mtama atasema, "Mimi niliuza chakula." Kila mmoja ana kipande kidogo. Lakini shingoni mwa yule binadamu mnyororo ulikuwa mzima, si kipande.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1868, inafundisha kwamba dhambi ni tendo la mtu binafsi, ila tunawajibika pia kwa dhambi za wengine tunaposhiriki, tunapoagiza, tunaposifia, na tunaponyamaza wakati ni wajibu wetu kuzuia. Si kwamba wote wana hatia sawa. Asiyejua si sawa na anayejua akageuza uso. Lakini wingi wa watu haufuti dhambi ya yeyote.

Nilipokuwa sekondari, picha ya aibu ya dada mmoja wa darasa letu ilizunguka kwenye simu. Sikuipiga mimi. Sikuisambaza. Niliweka emoji ya kucheka, basi. Baada ya wiki mbili yule dada hakuonekana tena shuleni. Kwa miaka mingi nilijiambia, "Mimi sikufanya kitu." Kumbe nami nilikuwa kwenye msafara, nimebeba mzigo wangu mdogo.

Angalieni jinsi tunavyosali mwanzoni mwa Misa. Tunaungama kwa pamoja, kanisa zima, lakini kila mmoja anasema "nimekosa", hasemi "tumekosa". Tena tunataja hata kutotimiza wajibu.

Nilishaungama, na Mungu amenisamehe. Ila kitubio kinadai pia malipizi, na yule dada sijawahi kumwomba msamaha. Wiki hii namtafuta.

Wewe je, uko kwenye msafara gani, na umebeba nini?

Tuombeane.